Bendi zinazipenda picha zangu, ila hakuna anayelipa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26. Siku za kazi ni mhasibu kwenye ofisi ndogo, na usiku wa mwisho wa juma huwa mbele ya jukwaa nikipiga picha wanamuziki. Nilianza kwa sababu rafiki yangu anapiga besi kwenye bendi, akaniomba niwapigie picha chache za ukurasa wao. Zikapendwa. Bendi nyingine zikaniita, kisha ukumbi mmoja ukaanza kuniruhusu niingie bila kiingilio, na sasa watu wengi wa muziki wananijua kwa jina.

Shida ni kwamba sijawahi kulipwa malipo ya maana. Nikigusia pesa naambiwa bendi bado inajitafuta, au kwamba nitatajwa jina na kazi zitakuja. Nimetajwa jina mara nyingi, na wanaonipigia simu baada ya hapo nao wanataka bure.

Mwezi uliopita niliona picha yangu kwenye bango la kampuni ya simu. Ni picha ya mwimbaji niliyempiga ukumbini, amefumba macho, mkono juu. Nilimtumia yeye kama zawadi. Hakuna aliyeniuliza, na jina langu halipo popote. Nilipomuuliza, alisema alidhani picha ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyemo, na kwamba kampuni ilimlipa. Sitaki kugombana naye, ni mtu mwema. Lakini nimeumia.

Kuna jambo jingine. Gazeti moja la mtandaoni limeniombea kibali cha kupiga picha onyesho la msanii mkubwa aliye kwenye ziara. Gazeti halilipi, ila litazichapisha. Menejimenti ya msanii imetuma fomu ya kusaini, na ndani imeandikwa kwamba picha zote zitakuwa mali yao milele na popote duniani, mimi nizitumie mara moja tu kwenye gazeti hilo. Kaka yangu anasema nisaini, nafasi kama hii hairudi.

La mwisho, kamera yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na lenzi niliyonayo ni moja, ya milimita 50, f/1.8. Picha za gizani zinatoka na chenga, vile vidoadoa. Nikiwa katikati ya wapiga picha wenye lenzi ndefu, wengine hunisukuma kabisa. Nimeanza kufuatilia mkopo wa kununua kamera mpya na lenzi mbili, na nikishavipata nafikiria kuacha uhasibu niingie kwenye kazi hii moja kwa moja. Mama anaona nimechanganyikiwa. Nikirudi nyumbani usiku masikio yanavuma mpaka asubuhi, naye hilo pia analiona.

Shangazi, najua umefanya kazi hii. Niambie ukweli hata kama ni mchungu.

Binti wa Mbele ya Jukwaa

*

Marahaba mwanangu,

Picha tatu ulizoambatanisha nimezitazama kwa muda mrefu. Ile ya mpiga ngoma, uso umelowa jasho na kijiti kimoja kimepotea kwa kasi, imepigwa na mtu anayesikiliza muziki wakati anabonyeza kamera. Jicho unalo. Kilichokukwamisha ni upande wa biashara, na huo mtu hufundishika.

Lielewe jambo moja kwanza, maana mengine yote uliyoniuliza yanategemea hilo. Mpiga picha wa kujitegemea anaishi kwa kuuza ruhusa ya kutumia picha zake. Mteja anapata faili, umiliki unabaki kwako, kama mwenye nyumba anavyompa mpangaji funguo na hati akabaki nayo. Anayekaa miezi 6 halipi sawa na anayekaa miaka 10, na anayelala tu halipi sawa na anayefungua duka. Wewe umekuwa ukigawa funguo bila kuandika popote ni za nani na mpaka lini. Ndiyo maana watu wanaokupenda kwa dhati wanakutumia bila kuona wanakosea.

Tuanze na bango. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao leo una wanachama zaidi ya 180, hakimiliki huanza pale pale kazi inapoundwa, bila sharti la kuisajili. Ulipobonyeza kamera, picha ikawa yako. Yapo mazingira yanayobadilisha hilo: ukiwa umeajiriwa kupiga picha, mara nyingi haki ni ya mwajiri, na katika baadhi ya nchi picha iliyoagizwa na kulipiwa huwa ya aliyeagiza, mkataba usiposema vingine. Kwa hiyo isome sheria ya nchi yako. Lakini usiku ule hukuwa mwajiriwa wa mtu, hakuna aliyeagiza na hakuna aliyelipa. Ulimpa mwimbaji nakala, na anayepewa nakala hajapewa haki ya kuiuza.

Mwimbaji naye ana haki yake. Katika nchi nyingi sura ya mtu haitumiki kutangaza biashara bila ridhaa yake, na hicho ndicho alicholipwa. Tangazo lile lilihitaji ruhusa mbili, ya aliyepigwa na ya aliyepiga, nalo likapata moja. Hakukudhulumu kwa makusudi, alijua nusu ya habari. Mwambie hivyo hivyo, kwa upole na ana kwa ana, maana huyu ni mtu utakayefanya naye kazi tena.

Kisha kusanya ushahidi kabla bango halijashushwa. Lipige picha kila unapoliona, andika tarehe na mahali, hifadhi na picha za skrini kama lipo pia mtandaoni. Tafuta faili ghafi ya picha yenyewe, yaani ile iliyotoka kwenye kamera kabla ya kusafishwa, pamoja na zile ulizopiga sekunde chache kabla na baada yake. Mfululizo huo hakuna mwingine anayeweza kuwa nao, na ndani ya kila faili kuna tarehe, saa na mipangilio ya kamera. Ukishakuwa navyo vyote, iandikie idara ya masoko barua fupi: picha hii ni kazi yangu, imetumika bila leseni yangu, naomba mnieleze imetumika wapi, kwa muda gani na kwa vyombo gani, ili niwaandalie ankara ya leseni. Basi. Usiweke vitisho, na tafadhali usianzie mtandaoni. Huenda kampuni ilipokea picha kutoka kwa wakala wa matangazo aliyewahakikishia kuwa kila kitu kiko sawa, na mtu anayepokea barua tulivu yenye vielelezo ana njia rahisi ya kumaliza jambo, yaani kulipa. Ukianza kwa kuwaanika hadharani, barua yako inahamia kwa wanasheria wao, na mwimbaji anajikuta katikati. Wakinyamaza wiki tatu, ndipo utafute mwanasheria anayeshughulika na hakimiliki, au ofisi ya hakimiliki ya nchi yako.

Wakikuuliza bei, usiwatajie kiasi ambacho ungemwomba mwenye ukumbi kwa usiku mmoja. Leseni ya tangazo hupimwa kwa ukubwa wa matumizi: mabango mangapi, mji mmoja au nchi nzima, miezi mingapi, kama imeingia kwenye televisheni na mitandao, na kama wanataka wewe usiiuze kwa mwingine. Zungumza na wapiga picha wa matangazo wa nchini kwako kabla ya kutaja tarakimu. Hao ndio wanaojua soko hilo, na wengi husaidia wakiulizwa kwa heshima.

Sasa kuhusu kutolipwa. Umekuwa ukiomba malipo kwa watu ambao mara nyingi hawana. Bendi changa inagawana pato la mlangoni watu watano, ikilipa usafiri na mazoezi hakibaki kitu. Wanakuambia kweli kwamba bado wanajitafuta. Lakini angalia wangapi wengine wanafaidika na picha ya usiku uleule. Mwenye ukumbi anahitaji kuonyesha kwamba kwake kunajaa. Promota anahitaji picha za kuwapelekea wadhamini ili wamdhamini tena mwakani. Mdhamini anataka nembo yake ionekane na watu wakishangilia nyuma yake. Lebo, yaani kampuni inayotoa muziki wa msanii, inataka picha zake, watengenezaji wa ala wanataka mpiga gitaa mashuhuri akiwa ameshika gitaa lao, shule za muziki zinataka wanafunzi wao jukwaani. Bajeti ya picha iko kwa hao. Ukumbi unaokuingiza bure tayari unazitumia picha zako kujitangaza, sivyo? Nenda siku ya kazi, mchana, ukiwa na picha zako bora 15, uwape bei ya mwezi: maonyesho manne, idadi fulani ya picha, ruhusa ya kuzitumia kwenye kurasa zao na mabango ya ukumbi kwa mwaka mmoja. Wakikataa, umejua mahali unaposimama, na hakuna kinachokulazimisha kuwapelekea picha nyingine.

Namkumbuka sana Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali, kila ninapozungumza habari hizi. Miaka ya 1960 alikuwa akizunguka kwenye sherehe za vijana usiku, anapiga picha wakicheza muziki, anarudi studio kusafisha filamu, kisha anabandika picha ndogo ndogo nje ili kila aliyekuwepo aje achague yake na kuagiza. Waliomlipa ni wachezaji, watu waliotaka kujiona walivyokuwa usiku ule. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo hiyo, kwa kazi iliyohusisha picha hizo hizo za sherehe. Alimtafuta mnunuzi upande ambao wengi hawautazami, na negativu, zile filamu zenyewe za asili, zikabaki kwake.

Sisemi usipige picha ya bure tena kabisa. Rafiki yako wa besi mpigie mpaka uzeeke, ni rafiki. Na zipo kazi za bure zenye maana, kama kuruhusiwa kuingia kwenye mazoezi ya jukwaani kabla ya onyesho, au kukaa nyuma ya pazia na msanii ambaye huwezi kumfikia vinginevyo. Ila iwe ni wewe uliyeichagua, na hata hiyo iandikie ujumbe mfupi: picha hizi ni kwa kurasa zenu wenyewe, mnitaje jina, msimpe mdhamini wala kampuni yoyote bila kunishirikisha. Sentensi hiyo ungeituma pamoja na ile zawadi, tungekuwa tunazungumza mengine leo. Iweke sasa kwenye kila kiungo cha picha unachotuma, na ndani ya faili zenyewe jaza sehemu za jina la mwenye haki na mawasiliano. Programu nyingi za kusafisha picha zina sehemu hiyo, inajazwa mara moja na kuingia kwenye picha zote.

Bei yenyewe utaipanga vizuri kuliko wapiga picha wengi, maana wewe ni mhasibu. Usihesabu saa mbili za onyesho peke yake. Tuseme umepiga picha 600, umebakisha 40, kila moja ukaisafisha kwa dakika 5: hizo ni zaidi ya saa 3 mbele ya kompyuta, na bado hujahesabu kuchagua, safari, na kutuma. Weka uchakavu wa vifaa. Shata ya kamera, kile kilango kinachofunguka na kufungwa kila unapopiga, ina umri, na kwa kamera nyingi za kawaida watengenezaji hukadiria mipigo kati ya 100,000 na 200,000. Ukipiga 1,000 kwa usiku, unaweza kujua kila usiku umekula kiasi gani cha kamera. Ongeza bima, diski za kuhifadhia, na usafiri salama wa kukurudisha nyumbani usiku wa manane, kwa sababu hiyo nayo ni gharama ya kazi, usiifanye iwe ya kubahatisha. Jumlisha ya mwaka mzima pamoja na mshahara unaotaka kujilipa, gawa kwa idadi ya siku unazoweza kweli kupata kazi ya kulipwa. Tarakimu itakayotoka itakutisha. Ndiyo bei yako ya chini, na utakuwa na sababu ya kuitaja bila sauti kutetemeka. Nusu ilipwe kabla.

Kuhusu fomu ya yule msanii mkubwa, nampenda kaka yako kwa kukutakia mema, lakini hapa simuungi mkono. Usiisaini ilivyo.

Fikiria siku moja baada ya onyesho utakuwa na nini mkononi. Gazeti halikulipi. Picha huwezi kuiuza, huwezi kuiweka kwenye maonyesho, na kwa maneno uliyoninukulia, hata kwenye mkusanyiko wa kazi zako utahitaji ruhusa yao. Wao wanaweza kuichapa kwenye fulana miaka 20 bila kukulipa. Masharti mengine kwenye fomu hizi ni ya kawaida, usiyaogope: nyimbo tatu za mwanzo tu, bila flashi, usimame kati ya jukwaa na uzio kisha utoke. Hata kukutaka usiuze picha kwa ajili ya fulana na vikombe ni haki, maana sura ni ya msanii. Kinachopaswa kukusimamisha ni kile kifungu kinachohamisha umiliki. Anayetaka kununua haki zote za picha anaruhusiwa kuzinunua, na bei yake huwa mara nyingi zaidi ya leseni ya kawaida. Yeye anazitaka bila malipo yoyote.

Nawe una la kufanya zaidi ya kukubali au kukataa. Kata kifungu hicho kwa mstari, andika pembeni pendekezo lako: hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, menejimenti inaruhusiwa kutumia picha kwenye kurasa zake yenyewe kwa kumtaja jina, mpiga picha anaruhusiwa kuzitumia kwa habari na kuonyesha kazi zake. Litume kupitia mhariri, kwa barua pepe, siku kadhaa kabla. Masharti haya hubadilika yanapopingwa. Mwaka 2015 wapiga picha walipolalamika hadharani juu ya fomu ya ziara ya Taylor Swift, mazungumzo na vyama vya waandishi wa habari na wapiga picha yalifuata, na ndani ya wiki chache fomu ikalegezwa. Wewe ni mdogo kuliko hao, kweli, lakini mtu wa menejimenti anayesoma barua pepe yako mara nyingi anatumia fomu aliyoikuta, na ana mamlaka ya kuibadilisha. Wakishikilia, mwachie mhariri atafute mwingine. Msanii mwingine mkubwa atakuja na ziara yake, na utakuwa na picha nzuri zaidi za kuombea kibali.

Hili naliamini kwa moyo wote kwa sababu thamani ya picha ya muziki huongezeka kwa miaka. Jim Marshall, mpiga picha wa muziki wa Marekani, alimpiga mpiga gitaa Jimi Hendrix kwenye tamasha la Monterey mwaka 1967 na mwimbaji Johnny Cash gerezani San Quentin mwaka 1969. Alijulikana kwa kudai afike popote alipo msanii, na kazi zake alizimiliki mwenyewe. Alifariki mwaka 2010, na mpaka leo picha zake zinachapishwa, zinaonyeshwa, zinauzwa, chini ya usimamizi wa warithi wa kazi zake. Yule mwimbaji wa bango, miaka 15 ijayo akiwa gwiji, picha zake za ukumbi mdogo zitakuwa kwa nani? Zinapaswa kuwa kwako. Kwa hiyo zitunze: nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, na ya tatu nje ya nyumba unayoishi.

Tuje kwenye mkopo. Uache kwanza. Lenzi unayoidharau ni ya f/1.8, na namba ya f ikiwa ndogo tundu la mwanga ni kubwa: inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya lenzi kubwa za f/2.8 ambazo wenzako wanazo. Unachokikosa ni kuvuta karibu, na kwenye kumbi ndogo unazofanyia kazi unaweza kupiga hatua mbili mbele. Chenga nazo, kwa picha ulizonitumia, nyingi zinatokana na kupiga picha ikiwa na giza mno halafu kuinyanyua kwenye kompyuta. Picha iliyopigwa kwa ISO 6400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa na mwanga wa kutosha huwa safi kuliko ya ISO 1600 iliyovutwa juu baadaye. Usiiogope namba kubwa. Piga faili ghafi, weka mipangilio kwa mkono ili taa za nyuma zisiidanganye kamera, kasi ya shata isishuke chini ya sekunde 1/200 kwa mwimbaji anayetembea na 1/500 kwa anayeruka. Taa nyekundu na za buluu za LED ndizo zinazokuharibia nyuso: rangi moja inajaa kabisa na uso unakuwa bapa, hauna alama. Punguza mwanga kidogo taa nyekundu ikiwaka, au subiri sekunde mbili nyeupe ipite. Na zungumza na fundi taa kabla ya onyesho, jamani! Msalimie, muulize wimbo gani utakuwa na mwanga mweupe wa mbele. Sioni kwa nini wapiga picha wengi wanampita kama hayupo wakati ndiye ameshika nusu ya picha zao.

Siku utakapopata kazi ya jukwaa kubwa, kodisha lenzi ndefu kwa usiku huo na uiweke kwenye ankara. Ukijikuta umekodisha lenzi ileile mara nyingi na kila mara mteja ameilipia, nunua hiyo moja, kwa pesa iliyotokana na picha.

Mwaka 1979, kwenye ukumbi wa Palladium, New York, mpiga picha Pennie Smith alimpiga Paul Simonon, mpiga besi wa bendi ya roki ya Uingereza The Clash, akiligonga besi lake sakafuni. Picha ilitoka bila fokasi kamili kiasi kwamba Pennie mwenyewe hakutaka itumike. Bendi ikashikilia, ikawa jalada la albamu yao, na ni moja ya picha zinazotambulika zaidi katika historia ya roki. Aliipata kwa sababu alikuwa kwenye ziara ile pamoja nao, akiwazoea usiku baada ya usiku. Kuzoea huko wewe tayari unako kwa bendi tatu au nne, na hakuna mkopo unaokununulia.

Wanaokusukuma mbele ya jukwaa: fika mapema, jitambulishe kwa walinzi na kwa wapiga picha wenzako kabla taa hazijazimwa, chagua mahali pako na useme, "Nitakuwa hapa wimbo wa kwanza, wa pili tubadilishane." Kwa kawaida inatosha. Simama kidogo upande, usiwe sawa na maikrofoni, la sivyo mdomo wote unafichwa. Nyimbo tatu ni kama dakika 12, kwa hiyo sikiliza kazi za msanii nyumbani ujue kiitikio kinalipuka wapi. Usiondoke bila picha ya mpiga ngoma. Huyo hupigwa picha mara chache kuliko wote, na ukimpa moja nzuri, atakukumbuka bendi inapotafuta mtu wa kulipwa. Mtu akikugusa au kukusukuma kwa nia mbaya, mwite mlinzi papo hapo na umtaarifu promota kesho yake kwa maandishi.

Masikio yako yananitia wasiwasi kuliko kamera. Kipimo kinachotumiwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unapungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango ambacho muziki wa ukumbini hukifikia kwa urahisi, ni dakika 15 tu. Wewe unasimama mbele ya spika. Kuvuma mpaka asubuhi ni dalili kwamba umepitiliza, na usikivu uliokufa haurudi. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki wiki hii, vile vinavyopunguza sauti bila kuharibu muziki, uvivae kuanzia ukaguzi wa sauti. Kama kuvuma hakukomi ndani ya siku mbili, nenda ukapimwe.

Na kazi ya uhasibu, usiiache sasa. Inakupa uwezo wa kukataa fomu mbaya na bei mbaya, na mpiga picha mwenye kodi ya nyumba iliyochelewa husaini chochote. Fungua akaunti tofauti ya picha, andika kila ankara, na uhesabu pesa iliyoingia tu, ahadi usizihesabu. Miezi 6 mfululizo ikiingia nusu ya mshahara wako, mwombe mwajiri upunguze siku. Zile siku utakazozipata zipeleke kwenye kazi za mchana ambazo hadi sasa hujazigusa: picha rasmi za wasanii kwa ajili ya matangazo yao, majalada ya albamu, mazoezi, mahojiano. Huko ndiko hata bendi ndogo hutenga pesa, kwa sababu picha moja nzuri wataitumia mwaka mzima.

Mama yako mwonyeshe daftari la akaunti hiyo kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao haukuingiza kitu. Na umwambie umenunua vizibo.

Shangazi